Ugali Uliosongwa kwa Nondo

Siku hizi watu huniuliza mimi mambo ya vyombo vya jikoni. Binti yetu aliyeko Dodoma alipohamia nyumba yake alipiga simu kumuuliza mama yake anunue nini kwanza, na mama yake akanipa simu mimi. Nikamwambia: sufuria tatu nzito zenye mifuniko, mwiko wa mti mgumu, kisu kimoja kinachokata, ungo, na kigoda cha kukalia. Akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nimeishia darasa la nne, na ninachokijua nimekijua kwa kuungua. Nilianza kazi ya kuchomelea vyuma nikiwa sijaota ndevu, namshikia fundi mmoja vyuma vyake mpaka akachoka kunifukuza. Leo nina karakana yangu Igoma na nyumba yangu Kiseke. Geti la nyumba hiyo nimelitengeneza mwenyewe na halijawahi kulia. Lakini kwa miaka zaidi ya sitini nilikuwa naingia jikoni kwa sababu mbili tu, kunywa maji na kurekebisha bawaba ya mlango. Hiyo ilikuwa kabla mke wangu hajavunjika mkono.

Aliteleza kwenye ngazi za uani akiwa na ndoo, akaangukia mkono wa kulia. Hospitali wakamfunga plasta kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko, wakasema wiki sita, na baada ya hapo asinyanyue kitu kizito kwa muda. Msichana aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani alikuwa ameolewa mwezi uliotangulia. Mke wangu akasema hataki mgeni jikoni kwake wakati hana mkono wa kumwelekeza. Nikasema nitapika mimi. Alinitazama vile ninavyomtazama mteja anayesema geti lake atalichomelea mwenyewe.

Habari zikamfikia mama yake, anayeishi mbele ya Kisesa. Siku ya tatu salamu zikaja kupitia shemeji yangu: mama anakuja, atakaa juma moja, halafu ataondoka na mwanawe, akae naye kijijini mpaka mfupa uunge, maana mfupa hauungi kwa chai na mikate. Mfupa ukitaka miezi minne, itakuwa miezi minne.

Sikutaka aende. Tuna miaka thelathini na nane katika nyumba moja, na kila alipolala nje ilikuwa kwa kujifungua au kwa msiba. Sababu nyingine ni zangu. Yeye mwenyewe alisema hatatia neno, kwa kuwa mama yake hapingwi. Akisema twende, wanakwenda. Kwa hiyo nilikuwa na juma moja la kumwonyesha kikongwe wa miaka themanini na kitu kwamba nyumbani kwangu kunapikwa.

Tatizo ni kwamba kumwonyesha ilikuwa haiwezekani. Kwa watu wa rika langu huko kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Hiyo ni heshima. Vijana wa mjini wameiacha. Nimemwona mmoja kwenye simu amepiga picha amemkumbatia mama mkwe wake, wote wawili wanacheka. Sisemi kitu.

Kabla hajafika nilikwenda mjini kununua vyombo. Nilinunua kama mtu anayefungua hoteli. Nilirudi na blenda, jiko la umeme la kupikia wali, kikaango kisichoshika, sufuria inayofungwa kwa skrubu na kupiga filimbi, na visu vinane ndani ya kigogo cha mbao. Mke wangu alikaa kwenye kigoda na mkono wake kifuani, akatazama nikivitoa kimoja kimoja kwenye maboksi. Nilipomaliza akauliza sembe iko wapi.

Ugali wa kwanza niliusonga kwa mwiko wake wa mti, ule aliokuja nao tangu tulipooana. Mimi nina mikono ya kazi. Unga ulipokaza nami nikakaza, na mwiko ukakatika shingoni. Nusu ilibaki mkononi, nusu ikabaki imesimama katikati ya ugali kama nguzo ya umeme. 

Mimi kitu kikivunjika, natengeneza kingine kisichovunjika. Hiyo ndiyo kazi iliyonijengea nyumba. Kesho yake asubuhi nilikwenda karakana, nikachukua kipande cha chuma bapa, nikakipasha moto, nikakiponda upande mmoja kikawa kipana kama kiganja, nikakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa. Mwisho wa mpini nikachomelea kipete cha kutundikia. Vijana wa karakana wakakipitisha mkono hadi mkono. Mmoja akasema huu ni mwiko wa kurithishana. Nikakubaliana naye.

Mama mkwe alifika mchana huo kwa bajaji pamoja na shemeji yangu. Nilikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, kama inavyotakiwa. Kwenye upenyo wa mlango niliona mizigo yake ikipita. Ilikuwa kapu moja lenye michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na lile begi kubwa la mirabaraba ambalo watu huliita shangazi kaja. Kapu lilikuwa zito. Begi lilikuwa tupu, limekunjwa mara nne. Shemeji yangu akalitundika kwenye msumari wa sebuleni, na nikaelewa ni la nguo za nani.

"Mwambie mama shikamoo," nikamwambia mke wangu.

"Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba," mama mkwe akasema. Zilikuwa hatua tatu kati yetu, na ukuta wa tofali.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa kama wodi ya kifua. Yeye akitaka kwenda uani anakohoa, mimi najitenga. Mimi nikitaka kutoka jikoni nakohoa, yeye anajifunika kanga na kugeukia upande mwingine. Jirani alileta limau na tangawizi bila kuombwa.

Halafu likaja suala la chakula. Bibi huyo asingeweza kula ugali uliosongwa na mkwewe. Ingekuwa aibu yake, yangu na ya ukoo. Mke wangu ndiye aliyepata njia. Nilipomaliza kusonga, aliinuka kwenye kigoda, akashika mwiko kwa mkono wake wa kushoto, akaugeuza ugali mara moja. Kwa hiyo amepika yeye. Akaita mtoto wa jirani abebe sinia, yeye akafuata nyuma. Mama yake alijua, na sisi tulijua kwamba anajua. Mambo mengi ya heshima yanakwenda hivyo.

Nilibaki nyuma ya ukuta nikisikiliza. Kwanza walinawa. Wakamega matonge. Halafu mama mkwe akasema kwa sauti ya taratibu kabisa:

"Mwanangu, mimi sikukufundisha kusonga ugali kwa nondo."

Haikuwa nondo. Nondo ni ya duara. Kile kilikuwa chuma bapa. Lakini sikuweza kumwambia.

Alikuwa amesikia kutoka chumbani mwake, kwaru, kwaru, chuma kikikwangua sufuria. Na ugali wenyewe ulitoka na michirizi ya kijivu, kwa sababu chuma kigumu kikipita juu ya sufuria laini kinaondoka nayo. Mimi hilo nalijua tangu ujana wangu. Nalijua nikiwa karakana. Sikujua kwamba jikoni sheria ni zile zile.

"Mkono haujapona, mama," mke wangu akajibu.

"Naona," akasema mama yake. "Na ugali nao unaumwa."

Ndivyo juma lilivyokwenda. Kwa kila kosa langu alisemwa mke wangu, na kila neno nililisikia, kwa sababu lilisemwa ili nilisikie.

Siku iliyofuata nilileta sato wawili wakubwa kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wabichi, macho bado maangavu. Kupara magamba kwa kisu kulinishinda. Visu vyangu vinane vilikuwa vyepesi kama vya kupaka siagi, na kile cha mke wangu cha zamani, kilicholika katikati, nilikuwa nakidharau. Nikatoa kwenye begi langu la kazi brashi ya waya, mpya, haijagusa kutu. Magamba yaliruka kama cheche. Kwa dakika tatu sato wote wawili walikuwa safi kuliko walivyozaliwa. Niliwapika na nyanya na kitunguu, mke wangu akakoroga mara moja kwa mkono wa kushoto, sinia likaenda.

Walinawa, wakaanza kula. Kisha kitu kidogo kikalia kwenye sahani, ting.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "huyu samaki mmemvua wapi? Ana mwiba wa chuma."

Jioni ile nilikaa kwenye kigoda na mke wangu akasimama. Hakunigombeza. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, niondoe vyombo vyote nilivyonunua nivirudishe kwenye maboksi yake, kwa sababu anashindwa kuona jikoni kwake. La pili, niache kupika kama mtu anayepigana.

Nikavirudisha. Blenda nilibishania, nikisema itasaga karanga. Akasema sawa, iache. Umeme ulikatika kabla sijamenya karanga zenyewe, na haukurudi mpaka kesho yake saa tano. Nikaazima kinu na mchi kwa jirani wa limau. Kinu hakiulizi umeme. Kukitumia kuna namna yake: mchi unauinua wewe, kuanguka unaanguka wenyewe. Mimi nilikuwa nausukuma kwenda chini, na karanga zikawa zinarukia uani kwa kuku. Mke wangu alinionyesha kwa mkono mmoja. Nusu saa baadaye karanga zilikuwa laini, na mabega yangu hayakuuma.

Mwiko mpya alininunulia yeye, sokoni Igoma, kwa mama mmoja anayeuza miko na vinu. Nilimsindikiza. Nilidhani tunachukua wowote. Alichukua muda kama ninaochukua mimi kuchagua mabati. Aliutazama ubavuni kuona kama umenyooka, akaugonga kwa kidole cha kati, akaunusa. Unaonuka utomvu utatia ugali ladha ya utomvu. Mwembamba shingoni utakatika. Mzito sana utachosha. Akapata mmoja wa rangi ya asali, mpana kichwani, akanipa niushike. Yule mama muuzaji akauliza baba huyu anatafuta mwiko wa nini, akaambiwa wa kusongea. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akatuongezea upawa mmoja bure. Sijui kwa nini.

Basi nikawa na mwiko sahihi, na ugali ukaanza kutoka mweupe. Lakini sufuria ilikuwa inazunguka. Hili wanawake hawalisemi kwa sababu hawaulizwi. Ugali ukikaza, ukisukuma mwiko huku, sufuria nayo inakwenda huku huku. Sufuria zetu hazina mikono. Wao wanaikamata kwa kitambaa kwa mkono wa kushoto na kusonga kwa mkono wa kulia, au wanaibana kwa kijiti na kukikanyaga kwa mguu. Nilijaribu kitambaa, nikaungua kidole gumba. Nilijaribu kijiti, nikaimwaga sufuria pamoja na makaa. Tulikula michembe ya mama mkwe usiku ule, ya kuchemsha, na karanga. Maneno yake yalikuwa, "Mwanangu, nilileta hii kama zawadi, sikujua kama ni akiba."

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Begi lilikuwa bado msumarini.

Karakana, kitu kinachozunguka hakishikwi kwa mkono, kinabanwa. Hilo hata kijana wa siku ya kwanza anafundishwa. Nikajiuliza kwa nini mke wangu amesonga ugali miaka thelathini na nane na kitambaa, wakati mumewe ana jiliwa mbili za kubania vyuma na mashine ya kuchomelea. Sikulipenda jibu. Safari hii sikukimbilia kazini. Nilimuuliza kwanza.

Alifikiri. Akasema kisiwe kizito, sufuria iingie na kutoka bila kuvutwa, na kisizibe hewa ya makaa. Akasema pia kisiwe na pembe, maana kanga inanasa. Nilichukua sufuria yenyewe nikaenda nayo Igoma kwa ajili ya kipimo. Vijana waliniona nashuka na sufuria kwapani, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nilikunja duara la chuma chembamba, nikakiwekea miguu mitatu ya kusimama nje ya jiko, na vidole vitatu vya kubana ubavu wa sufuria, kila kimoja kimezungushwa ncha. Ukiitua sufuria inakaa. Ukisonga haiendi popote. Ukimaliza unainyanyua kwa vitambaa, basi. Nilikitengeneza mara mbili, kwa kuwa cha kwanza kilikuwa na pembe.

Siku ya sita niliamka mapema, nikaweka makongoro, ile miguu ya ng'ombe, motoni, kwa ajili ya mfupa. Makongoro hayataki chombo cha filimbi. Yanataka sufuria nzito, mfuniko, jiwe juu ya mfuniko, na mtu asiye na haraka. Mchana nilichekecha dona. Nilipika mlenda kwa karanga za kinuni. Kisha nikasonga. Nilikaa kwenye kigoda, duara limeishika sufuria, mikono yote miwili kwenye mwiko. Nilisikia ugali unavyopumua, puf, puf, ule mlio ambao mke wangu alisema ukiusikia ujue umeiva. Nikausikia na yeye akausikia. Aliinuka, akaweka mkono wake wa kushoto kwenye mwiko ili ageuze mara yake moja. Akageuza mara mbili.

"Umekaza vizuri," akasema, si kwa sauti kubwa.

Sinia likaenda. Nikasimama nyuma ya ukuta. Walinawa. Nikasubiri neno. Halikuja. Nilisikia tu sahani ikisogezwa, na mtu anakunywa supu kwa kuivuta, kama anavyokunywa mtu ambaye haoni sababu ya kuacha. Nilihesabu magari mawili yakipita nje barabarani. Ndipo mama mkwe akasema:

"Mwanangu, ukoko uko wapi?"

Kwa asiyejua, ukoko ni ule ugali unaobaki umeshika chini ya sufuria na kukauka. Ugali mbichi hauachi ukoko wa maana. Ugali wa kuungua unaacha mkaa. Hauombwi ukoko na mtu ambaye hajaridhika. Niliubandua kwa kisu cha zamani kilicholika katikati, ukatoka mzima, mwembamba, rangi ya mkate. Mtoto wa jirani akaupeleka. Ulisikika ukivunjika mdomoni mwa bibi mwenye meno sita.

Asubuhi ya siku ya saba shemeji yangu alikuja na bajaji. Niliwahi jikoni. Nilisikia begi linashushwa msumarini na kukunjuliwa. Begi la namna ile lina sauti yake. Mke wangu alikuwa sebuleni na mama yake.

"Mwanangu," mama mkwe akaanza, "juma lilipoanza nilifikiri umesahau yote niliyokufundisha. Nimekaa nikaona unakumbuka kidogo kidogo. Jana umekumbuka."

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa, uipikie nyumba yako. Mfupa utaunga."

Nilishika ukingo wa meza ya jikoni. Ni meza ya chuma, nimeitengeneza mimi, haiyumbi.

"Na kile chuma kinachoshika sufuria," akasema tena, "nani amekutengenezea?"

"Fundi mmoja wa Igoma."

"Ni fundi mzuri?"

Mke wangu alikawia. Nilimsikia anavyokawia.

"Anajifunza," akasema.

"Mwambie sufuria yangu inazidi hii kwa vidole viwili. Lakini sitasubiri. Nitachukua hiki, tutakipanua kidogo, kitatosha. Wewe atakutengenezea kingine, uko karibu naye."

Mtoto wa jirani akaja jikoni kukichukua. Kilikuwa bado na vumbi la mkaa. Nilikifuta kwa kitambaa, nikampa. Begi lililokuja tupu likaondoka na kile chuma ndani, peke yake, kikigonga gonga pale shemeji yangu alipolipakia. Mama mkwe akakohoa. Mimi nikakohoa. Bajaji ikaondoka.

Mwiko wangu wa chuma upo karakana mpaka leo. Tunakorogea rangi, na haujakatika.

Nilipotoka nyuma ya ukuta mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anautazama msumari mtupu.  Ilikuwa inakaribia saa tatu na alikuwa hajanywa uji, kwa hiyo nikaenda kuwasha jiko.